Chupa Imejaa, Lakini Asali Imepungua

Wanangu,

Nimekwenda kupeleka keki ya harusi, nitarudi saa tisa. Chakula kimo sufuriani, kipasheni moto. Fungeni mlango wa nyuma.

Asubuhi niliipima asali kwenye mizani yangu ya keki. Chupa imejaa hadi pale pale kama nilipoipima Jumapili, lakini uzito umepungua gramu themanini! Lita ya maji ni kilo moja. Lita ya asali ni kilo moja na gramu kama mia nne. Basi kuna mtu kachota karibu glasi nzima, halafu kajazia maji.

~~Siku za mwizi ni arobaini. Nikirudi mtanitambua!~~

Hapana. Nyinyi mkidokoa, mfuniko hunata na sisimizi hujaa mezani. Huyu kaifuta chupa vizuri, kairudisha mahali pake. Huyu ni mtu mzima, tena aliyekatazwa sukari na daktari.

Baba yenu akiamka, mpeni karatasi hii.

Baba Watoto, mimi sijawa tayari kuwa mjane. Nenda zahanati leo ukapime sukari, uniandikie namba hapa chini. Na hiyo namba usiitie maji.

Mama Watoto