Arobaini ya Rehema

Jumatatu, 7 Julai

Nimerudi kutoka kazini miguu imevimba. Beseni, maji ya moto, chumvi. Wodi ya watoto wachanga imejaa, na hita moja imekufa katikati ya baridi hii ya Johannesburg. Nimewafundisha wanafunzi wawili kumwogesha mtoto bila kumtia baridi. Wananiita Sista Mkuu, wananiogopa. Vizuri.

Binti yangu Rehema anakaribia kujifungua. Chumba cha nyuma kiko tayari. Mpwa wangu ameniletea kutoka Tanga mafuta ya nazi, viungo vya uji wa mzazi, na kanga za kumfunga tumbo. Kwetu mzazi wa kwanza huja kwa mama yake. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, hatoki nje mpaka arobaini. Hatujalizungumza, mimi na yeye. La nini? Mambo haya yanajulikana.

Jumatano, 9 Julai

Wamekuja, Rehema na mumewe Sipho. Nimewaonyesha chumba. Mlangoni nimebandika ratiba: joto la mtoto asubuhi na jioni, saa za kunyonyesha, saa za wageni, simu marufuku. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kama za wodini. Niliona nimefanya jambo la maana.

Rehema ameisoma yote amesimama, mkono kiunoni. Kisha kasema, kwa Kiingereza chake, "Mama, mimi si mgonjwa wako." Arobaini atakaa Soweto, kwa mama yake Sipho.

Nimekasirika hadi masikio yakawaka. Nimepakua pilau. Sipho kala sahani mbili macho chini, maskini.

Katika nyumba hii ya Troyeville nimelea nusu ya Tanga. Wapwa, binamu, wake za binamu. Wote wamepita kwenye kitanda kile cha nyuma, mwenye homa, mwenye mimba, mwenye talaka. Kulikuwa na miaka ukifungua mlango unakanyaga magodoro. Mama Mkubwa hiki, Mama Mkubwa kile. Siku hizi wametawanyika, kila mtu na geti lake. Na leo mwanangu wa kumzaa hakitaki kitanda kile.

Ijumaa, 11 Julai

Amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, uzito mzuri. Sipho kanipigia simu akilia. Nimekaa kwenye kiti cha wodi nikalia na mimi, mbele ya wanafunzi. Wacha waone.

Kaka yake Rehema nilimzalia Tanga. Mama aliniweka ndani. Mikono yake mikavu, inanukia karafuu. Nilikuwa nimeshamaliza chuo cha uuguzi, nikaanza kumweleza habari za misuli na mishipa. Alinigeuza upande wa pili, akaendelea kunikanda.

Rehema nikamzalia huku Johannesburg, sina ndugu, nauli ya kumleta Mama hakuna. Marehemu mume wangu, Athumani, akapasha maji, akachovya taulo, akanikanda kama anayeosha gari. Aliniunguza mgongo. Tulicheka, kisha nikalia, naye akalia kwa kuniona nalia. Mungu amrehemu. Nimewakumbuka wote wawili leo hadi nimeshindwa kula.

Jumapili, 13 Julai

Soweto. Nimeenda kama mgeni, na baibui langu jipya. MaDube, mama yake Sipho, kanipokea vizuri. Chai, keki, maneno mazuri. Ila chumbani siingii. Kwao, mpaka kitovu kidondoke, kwa mzazi anaingia MaDube peke yake.

Mimi. Maisha yangu yote yamepita kwenye wodi ya vichanga, na nimekaa sebuleni natazama televisheni iliyozimwa. Mjukuu analia nyuma ya ukuta. Kile kilio nakijua, ni njaa, hajalishika ziwa vizuri. Rehema naye analia. Hicho nakijua zaidi.

Nilitaka kusimama na kutoa amri. Nikashika kikombe. Nimeogopa kwamba nikiingia kwa nguvu, nitampoteza mwanangu moja kwa moja. Nimerudi nyumbani sijamwona hata mmoja. Ratiba nimeibandua, nikaichana.

Jumanne, 15 Julai

MaDube kapiga simu asubuhi. Kizulu chake na Kizulu changu cha wodini tunaelewana. "Eish, mama, analia tu. Anasema nesi asije. Aje mama yake."

Nikamuuliza, na kitovu je? Bado hakijadondoka. Akasema nyumba ni yake, atasema mwenyewe na wazee wake waliotangulia. Nije.

Nimebeba mafuta, viungo na kanga. Mkoba wa kazi nimeuacha.

Maziwa yamemjaa Rehema hadi kifua kigumu. Sikusema neno la dawa wala la misuli. Maji ya moto, kitambaa, mafuta, kuanzia kiunoni. Alipiga kelele kwanza. Akanishika goti. Kisha kwa Kiswahili, "Hapo, Mama. Hapo hapo. Usiache." Baadaye mtoto akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. MaDube alisimama mlangoni muda wote, mikono kifuani, anatazama.

Jioni Sipho kanitandikia godoro. Kwetu mama halali kwa mkwewe, ni aibu kubwa. Shangazi zangu Tanga watasema hadi wachoke. Nalala hapa.

Jumamosi, 19 Julai

Kitovu kimedondoka. MaDube kakizika uani, nami nimesoma bismillahi kimoyomoyo. Rehema analalamika uji una pilipili nyingi.

Nilipokuwa nakunja kanga, MaDube kaingia, kafunga mlango, kakaa ukingoni mwa godoro langu. Akaniambia amezaa wanne, na kila mara alirudi kufulia watu kabla hata damu haijakatika. Hakuna aliyewahi kumgusa mgongo. Akasema hivyo tu, akageukia dirishani.

Nikapasha maji. Mgongo wake wote mafundo. Nimemkanda polepole, kutoka mabegani kushuka, kisha nikamfunga tumbo kwa kanga kama mzazi. Hakucheka, na mimi sikucheka. Machozi yalimtoka kidogo. Amelala hadi adhuhuri.

Rehema naye amelala. Nimekaa jikoni na mjukuu mapajani, tunaota jua.