Mafuta Mazito Kwenye Amortisere za Baba

Jumamosi. Mvua haijakata tangu asubuhi hapa Mushaki, na hasira yangu pia haijakata.

Gari ya marehemu Baba ni ya zamani sana. Amortisere zake, vile vyuma vinavyopunguza mitikisiko, si za kutupa zikichoka: zina kizibo juu, unafungua, unaongeza mafuta mepesi. Baba mwenyewe alinifundisha. Juzi nilimwachia gari Papa Bahati, fundi wa hapa barabarani, anitengenezee breki. Nikamwambia wazi: amortisere usiguse, nitaziongezea mwenyewe.

Akagusa.

Mimi sikujua. Leo nikaenda hospitali kumchukua mdogo wangu Riziki, aliyezaa kwa kupasuliwa. Mama alimpakata mtoto. Nyuma ya gari ilikuwa ngumu kama ubao. Kila shimo lilimrusha Riziki, naye ameshika mshono kwa mikono miwili. Hakulia. Aliniomba tu, "Dada, enda polepole."

Nilikuwa naenda mwendo wa mtu wa miguu!

Nilipomfikisha nyumbani akalala, nikaenda moja kwa moja kwa Papa Bahati.

"Ah, dada, niliwekamo mafuta mazito ya giaboksi, nilikusaidia tu," akasema huku anacheka. "Mafuta njo mafuta, yote ni sawa. Na wewe muke, mambo ya amortisere unayajulia wapi?"

"Panda nyuma, Papa."

Alidhani natania. Nikampeleka kwenye mashimo yale yale, kwa mwendo ule ule. Shimo la kwanza, kichwa kikagonga paa. La pili, akakumbatia kiti cha mbele. Kicheko kikaisha.

"Dada, simama. Simamisha, naomba!"

"Bado," nikamwambia. "Riziki alikuja hivi njia nzima, na tumbo limeshonwa."

Tuliporudi nikafungua amortisere za nyuma kwa spana zake. Nikamwaga ule uchafu mzito, nikapangusa matope yote yasiingie ndani, nikatia mafuta mepesi, nikachezesha mkono wa chuma wa kila moja juu na chini mpaka mapovu yakaisha. Yeye amesimama pembeni, anaangalia. Mwishoni akasema, "Unisamehe, dada."

Mimi? Mimi sina mshono.

Kesho baada ya misa nampitia kwake. Yale maneno akamwambie Riziki, uso kwa uso, nami nikiwa nasikia. Hasira yangu itaishia hapo, kama itaisha.