Kifungo cha Bangwe

Mjomba,

Huku tupo. Mama anaendelea na miguu yake, mimi bado nina cherehani yangu pale Mwanga, na mashine yako ya kutafutia vyuma iko uvunguni, betri nimezitoa. Tangu tukuzike sijaishika. Nimechoka, Mjomba, na leo nitakwambia kwa nini.

Unawakumbuka wale jamaa walioileta wakitafuta mali ya Mjerumani? Walichimba mpaka wakakata tamaa, wakakuachia mashine, na wewe ukaanza kuokota vifungo vya askari. Ukaniletea mimi kwa sababu nashona. Nilikuwa najua kifungo cha shati na kifungo cha koti, basi. Wewe ndiye uliyeniketisha barazani kwako Kasingirima na ile lenzi iliyopasuka, ukapaka tone la mawese kwa kidole, ukasema, "Angalia taji. La mfalme limeinuka juu, la malkia limebonyea katikati. Hapo ndipo utajua miaka." Siku niliposugua kimoja kwa majivu na ndimu kama sufuria, ulinigombeza mpaka magharibi.

Halafu kikaja kile cha shambani kwetu Bangwe. Kilikuwa na kutu ya kijani, taji linaonekana kwa shida. Huku kwetu kila cha kale ni cha Mjerumani, sijui nani alituambia. Mama alikishika akalia. Babu yenu aliondoka na askari wa Mjerumani kwenye vita ile ya kwanza, hakurudi, na hakuna aliyewahi kuonyeshwa alipolala. "Kumbe alikuwa anarudi nyumbani," Mama akasema. "Kaishia shambani kwake." Tukasoma Yasini palepale, na wewe ukaitikia amina.

Juzi Mama kaniagiza. Pale kilipookotwa panajengewa kaburi Jumapili, fundi kashapatikana, na anataka kile kifungo kipachikwe kwenye saruji kwa mkono wangu. Nikafungua kopo lako la maziwa ulilowekea vifungo, nikakitoa. Nikapaka mawese taratibu, ulivyonifundisha. Taji limebonyea katikati, Mjomba. Ni la malkia. Yule malkia wa Waingereza anakalia kiti, babu yenu alikuwa ameshapotea zaidi ya miaka thelathini.

Nilidhani ulikosea. Nikatafuta daftari lako. Kila kifungo umekiandikia kilipotoka na miaka yake, hata vile vilivyoliwa na kutu. Kwenye mstari wa Bangwe umeandika "Cha Babu", na nafasi ya miaka umeiacha wazi. Wewe, uache wazi. Ulijua.

Nilikukasirikia, sikufichi. Ulinyamaza, ukaondoka zako, ukaniacha mimi nikae na Mama kila Ijumaa akiniuliza kama nadhani babu aliumia sana. Najibu hapana. Nimejaribu mara mbili kumwambia ukweli. Mara zote mbili nimeishia kumuuliza kama chai imekolea sukari. Ila namwona anavyotoka kule shambani, katulia, hata fimbo anaisahau. Sina moyo wa kumnyang'anya.

Kwa hiyo Jumapili nitakipachika, uso chini, kitanzi cha kushonea juu, taji lisije likaonwa na mtu anayejua kulisoma. Mama akiuliza, nitasema ndivyo kinavyoshika vizuri. Mimi fundi cherehani, Mjomba, nitadanganya hata kuhusu kifungo.

Nimekumiss. Natamani uje unigombeze tena kwa majivu na ndimu. Pumzika, mimi nina sare za shule za kumaliza.

Daftari liko kwangu. Nakuahidi ule mstari sitaujaza Mama akiwa hai. Siku nitakayoandika miaka yake, ujue nimebaki peke yangu.

Mpwa wako,
Zuhura