Yeni Elfu Ishirini za Lugha

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimekwenda kuiona ile mashine ya gemu — ya kushika mkononi, na ukitaka unaichomeka kwenye televisheni. Yeni elfu hamsini! Pembeni yake nyingine, sura ileile, elfu sabini. Muuzaji kainama, kasema ya nafuu ni ya watu wa hapa nyumbani. Basi ni yangu! Nani wa hapa kunishinda mimi? Lakini huuziwi hivihivi, kuna bahati nasibu ya kupata nafasi ya kununua. Nimejaza: Kuwabara Fumie, ya nafuu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeshinda, nimeilipia! Binti yangu Sanae anarudi kwake Brazili kesho. Ameifunga katikati ya sweta zake, ampelekee mwanawe Lívia, miaka tisa.
"Mama, umetupa hela. Ataicheza wiki moja tu."
Nimemwambia anyamaze, afunge sanduku.

Jumatatu, 13 Oktoba
Aibu! Sanae kapiga simu: mashine inajua Kijapani tu. Kireno hakuna. Ya elfu sabini ndiyo yenye lugha zote. Haikunijia akilini kwamba mashine ina lugha — hapa hata jiko la wali huniambia kwa Kijapani kwamba wali umeiva. Elfu ishirini ili mtoto aelewe! Nimekasirika kutwa. Lakini nikiwaza vizuri, hawakunidanganya. Wamempunguzia anayesoma Kijapani, nami nikamnunulia asiyesoma. Nimejiandikisha tena, ya elfu sabini.

Alhamisi, 16 Oktoba
Saa mbili asubuhi, simu. Lívia! Mwenyewe! Siku zote mama yake humsukuma mbele ya simu, anasema shikamoo Bibi, kisha mbio. Leo kaelekeza kamera ya simu kwenye mashine.
"Bibi, huyu mbweha anasema nini?"
Anataka samaki, nikamjibu.
"Samaki gani? Soma, Bibi, soma!"
Saa nzima, kwa Kijapani chake cha kuokoteza. Chai imepoa. Nimefurahi mno.

Jumanne, 21 Oktoba
Siku ya sita mfululizo. Leo kasoma neno la Kijapani la "mlango" kabla yangu! Tumepiga kelele wote wawili.
"Kesho utakuwepo, Bibi?"
Niende wapi mimi?

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimeshinda tena. Ya elfu sabini. Nithibitishe kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo anapewa mwingine. Hela ipo, si hela inayonizuia.

Ni haki yake, najua. Acheze kwa Kireno kama wenzake, bila kusubiri bibi avae miwani. Bei ile ilinikasirisha kutwa — leo naogopa kuilipa. Akishasoma mwenyewe, atanipigia kwa lipi? Ubinafsi huu, Fumie!

Sanae kaandika: Mama, umeipata?

Saa kumi na moja na dakika hamsini. Kidole kipo kwenye "thibitisha". Simu inaita — Lívia. Kwao ndiyo kwanza kunapambazuka.
"Bibi, mbweha amerudi. Analia. Anasema nini?"
Ngoja, mjukuu wangu, nivae miwani. Nisogezee karibu.