Yaya wa Mbwa

Kitale, 14 Aprili 1954

Kwako Lenah,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa Malakisi. Huku mvua imeshika na mahindi yanapandwa. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimesikia kwamba mjomba wako Wekoye amewatangazia kuwa mchumba wako ni yaya wa mbwa. Huo ni uonevu! Memsab, mke wa mwajiri wangu, ameleta mbwa mchanga anayekojolea zulia la sebuleni. Akaagiza kwamba kila baada ya kula atolewe nje, angojewe mpaka ajisaidie nyasini, kisha asifiwe. Mpishi akawahi kujitetea: "Memsab, mbwa huyu hasikii Kiswahili. Mwenye Kiingereza hapa ni karani."

Hivyo ndivyo shahada yangu ya Makerere ilivyopelekwa bustanini. Mjomba alipokuja, kama ilivyo desturi, kuitazama kazi ya mwoaji, alinikuta nimevaa tai, nimechutama, nikimpongeza mbwa kwa Kiingereza fasaha kwa sababu amekojoa.

"Ati hii ndiyo kazi uliyosomea?" akaniuliza, akaondoka bila kugusa chai.

Angalau angengoja nijieleze! Tangu lini mtu akahukumiwa kwa agizo la mwingine? Hata hivyo, kazi nimeiacha jana, na wazee wako waambiwe hivyo.

Lakini wewe sijakuuliza. Naambiwa mjomba aliniigiza hapo kwenu, akachutama mbele ya watu, nyumba nzima ikaangua kicheko. Lenah, wewe pia ulicheka?

Wako, ikiwa bado unanitaka,
Nathaniel Wepukhulu