Samaki wa Marehemu Dada Yako

Shemeji Mama Neema,

U mzima? Na ulimi wako mrefu bado upo? Hapa Babati mimi sasa ni mtaalamu wa samaki, nawatambua wote kwa sura.

Uongo mtupu, shemeji. Leo nilikwenda sokoni kumtafuta yule samaki ambaye marehemu dada yako alikuwa akinipikia. Mama muuzaji akaniuliza, "Babu, ana magamba na miiba mgongoni kama perege? Au ngozi tupu na masharubu kama kambale?" Nikamjibu kwamba masharubu ninayoyajua ni yangu. Akacheka mpaka akaangusha kisu.

Mimi sikucheka. Tangu mwiba uliponinasa kooni siku zile za ujana wetu, dada yako alinitolea kichwa, ngozi na miiba yote kabla ya kunipakulia. Miaka yote nimekula samaki nisiyemjua uso, wala sikumwambia asante. Nimerudi mikono mitupu, nimelowa mvua.

Mungu akutunze, na kuku wako wembamba. Banda lao nililiezeka mimi na hujanishukuru bado. Basi nishukuru hivi: wewe ulikaa naye jikoni, niandikie alikuwa samaki gani. Safari hii miiba nitaitoa mwenyewe.

Shemeji yako,
Baba Yohana