Muhuri wa Mama Mkwe

Misuzu, uko wapi?

Unamkumbuka Bi. Kuramochi, aliyetolewa ovari moja leo asubuhi? Nimeenda kumshukuru kwa kutuachia kipande cha ovari hiyo kwa utafiti wetu wa uzazi. Akanikodolea macho. "Kipande gani?"

KIPANDE GANI, Misuzu!

Fomu ya idhini ina muhuri wa Kuramochi mahali pa sahihi, mwekundu kabisa. Kumbe kaugonga mama mkwe wake! Jina moja la ukoo, muhuri mmoja, na mimi mjinga sikuuliza. Naye mama mkwe yuko pale pale kando ya kitanda, hata aibu hana: "Nilitaka kumpunguzia mawazo."

Nikajitetea kwamba kipande kiko kwenye barafu, hakijaguswa.

Bi. Kuramochi akaiomba fomu. Akaisoma yote, polepole. Nikampa kalamu atie sahihi.

"Mngeniuliza," akasema, "ningekubali."

Akaichana.